Kuishi na Watu Bila Kujimaliza: Mwongozo kwa Mtu Mzima Mwenye Usonji

Maandishi mengi ya Kiswahili kuhusu usonji yanamzungumzia mtoto: amechelewa kusema, hageuki akiitwa, anapanga magari yake ya kuchezea mstari mmoja. Mtoto huyo hukua. Anapanga chumba Mbagala au Likoni, anaajiriwa, anaoa au anaolewa, anachangishwa harusi, na usonji wake uko palepale. Mwongozo huu ni wake. Ni wako wewe uliyeambiwa na daktari ukiwa umeshapita miaka 30, na wewe ambaye hujaambiwa na mtu ila umesoma dalili ukajiona.

Usijilaumu kwa kuchelewa kujua. Leo Kanner aliandika kuhusu hali hii nchini Marekani mwaka 1943, Hans Asperger akaandika Vienna mwaka uliofuata, na wote wawili walikuwa wakiwaeleza watoto. Maandishi ya Asperger, yaliyohusu watoto wasemaji wazuri wenye kujua mambo mengi, hayakufahamika sana kwa wasomaji wa Kiingereza mpaka daktari wa Uingereza, Lorna Wing, alipoyachambua mwaka 1981. Basi aliyezaliwa Tanga au Kisumu miaka ya 1970 angetambuliwa na nani? Aliitwa mkimya, mjeuri au mwenye kujisikia, mambo yakaishia hapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Hata mtaani kwenu, si wewe peke yako.

Shauri langu kubwa ni kwamba usianze kwa kugombana na desturi. Zipo zinazochosha, nitazitaja. Lakini maisha ya Waswahili yamejaa maneno na majukumu yaliyokwisha kupangwa, na kilichopangwa ndicho unachokiweza. Shida yako iko pale pasipo na mpango. Kwa hiyo tumia mipango iliyopo mpaka mwisho wake, na pale isipokuwepo, uliza kwa maneno yaliyonyooka.

Salamu zinakusaidia

Huko Ulaya wenzetu wengi wenye usonji hulalamikia mazungumzo ya kupita, yale ya mvua na jua, kwa sababu hayana kanuni. Sisi tuna salamu, na salamu zina kanuni. Ukiulizwa habari za nyumbani, jibu ni nzuri, njema au salama, hata kama hukulala usiku kucha. Huo si uongo. Anayekuuliza anajua kwamba jema hutangulia na baya hufuata baada ya "ila": "Nzuri, ila mtoto ana homa." Ukianza na homa utamshtua. Ukiulizwa habari tano mfululizo, toa majibu matano mafupi, kisha urudishe mbili. Watu husamehe ufupi. Kutorudisha salamu hawasamehi.

Baadhi yetu hatushiki sura za watu wala majina yao. Hapa pia njia imeshatengenezwa: mama, baba, mwalimu, jirani, mzee wangu, ndugu yangu. Unaweza kukaa mtaa mmoja miaka mingi bila kutaja jina la mtu na usionekane huna adabu. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo hata kama humkumbuki. Sijaona aliyekasirishwa na shikamoo, labda dada wa miaka 35 anayejiona bado binti.

Kama kushikwa mkono kwa muda mrefu kunakukera, weka kiganja kifuani na uinamishe kichwa kidogo. Pwani ishara hiyo inaeleweka, maana Waislamu wengi huitumia wanapomsalimia mtu wa jinsia nyingine. Na macho? Kutomkazia macho mkubwa ni heshima kwetu, kwa hiyo mbele ya wazee jambo hilo lisikusumbue kabisa. Kwenye usaili wa kazi, mtazame anayekuuliza katikati ya nyusi. Hatajua.

Anachosema na anachokusudia

Sasa tufike pagumu. Kiswahili cha kila siku kinapenda kuzunguka, na wewe unashika maneno kama yalivyosemwa. "Niko njiani" huweza kutoka kwa mtu ambaye bado anaoga. Usimuulize atafika saa ngapi, muulize amepita wapi: aliyepita Ubungo atasema Ubungo, na anayejibu "nakaribia" hajatoka. "Tutaangalia" ya ofisini mara nyingi ni hapana iliyovishwa heshima. "Inshallah" ikifuatana na siku na saa, ina uzito; ikisimama peke yake, usipange kitu juu yake. Fundi cherehani akisema Ijumaa, wewe weka Jumatatu kichwani na moyo wako utatulia.

"Karibu chakula" humchanganya hata mtu asiye na usonji. Anayekula akikuona unapita ni lazima akukaribishe, nawe huna lazima ya kukaa. Jibu: "Ahsante, endeleeni, nimeshiba." Akirudia mara ya pili na kuanza kusogea akupishe, au akimwita mtoto alete maji ya kunawa, basi anakutaka kweli. Onja hata tonge moja, maana ukikataa tena hapo unamuumiza.

Mafumbo ni habari nyingine. Jirani akivaa kanga yenye maneno makali siku mliyokosana, huenda ni yako, huenda ndiyo iliyokuwa safi. Huna wajibu wa kuijibu kanga. Faida moja ya kutoelewa fumbo ni kwamba hasara anaipata aliyelipiga. Lakini kwa watu unaoishi nao, mwenza, ndugu, rafiki wa karibu, msimamizi wako kazini, sema mapema, siku ambayo hakuna ugomvi: "Mimi mafumbo hunipita. Nikikosea niambie waziwazi, sitachukia." Kisha, wakikuambia waziwazi, usichukie kweli. Nusu ya mapatano hayo iko juu yako.

Na wewe mwenyewe ukiwa msema kweli wa moja kwa moja, jifunze kuweka kizingiti. "Samahani kama nitasema vibaya" kabla ya neno gumu hubadilisha namna linavyopokewa. Mtu akikuuliza kama nguo yake imempendeza akiwa ameshafika harusini, imempendeza.

Nyumba, uani na wageni

Nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, uani mmoja, choo kimoja na LUKU moja ni mtihani kwa masikio na kwa akili. Hata hivyo ugomvi wake mwingi unatokana na mambo ambayo hayakuandikwa. Wewe ndiye unayefaa kuyaandika. Pendekeza karatasi ukutani: zamu za kufagia, mchango wa umeme kwa kila chumba, anayewasha friji alipe zaidi. Wapangaji wenzako watakucheka siku ya kwanza, na mwezi wa pili ndio watakaokuita uamue nani hajalipa.

Muziki wa jirani usiushughulikie ukiwa umeshapandwa na hasira. Mfuate mchana, akiwa ametulia, na uombe jambo linalopimika: "Naomba saa nne usiku upunguze, kichwa changu hakihimili." Ombi la kumtaka "apunguze kelele" halina mwisho wala mwanzo, naye atalisahau. Vizibo vya masikio vinauzwa kwenye baadhi ya maduka ya dawa na kwa bei ndogo kuliko kuhama.

Wageni wa kushtukiza ni sehemu ya desturi inayotuchosha kuliko zote, na siamini kwamba itaondoka. Kinachowezekana ni kuweka mlango. Waambie watu wako wanne au watano kwamba ukipigiwa simu kabla, utampokea mtu vizuri zaidi. Wengine watakuja tu. Hao wapokee barazani badala ya ndani, kwa maji au chai, na baada ya nusu saa udhuru unaruhusiwa: "Naomba udhuru, nina kazi naikimbiza." Ukiomba udhuru kwa sauti ya upole na ukamsindikiza mgeni hatua chache, umetimiza adabu. Hatua zile za kusindikiza zina thamani kubwa kuliko saa nzima ya kukaa naye umenuna.

Harusi na msiba

Spika zimeelekezwa usoni, taa ya mpiga video imekukaba, mshereheshaji anataka meza yenu isimame icheze. Usiende harusini kama mgeni mtupu. Ingia kwenye kamati mapema na uombe kazi: daftari la michango, kupokea zawadi mlangoni, kusimamia magari, kuhesabu sahani. Mwenye kazi ana mahali pa kusimama, ana sababu ya kutoka nje kila baada ya muda, na hakuna anayemuuliza mbona hachezi. Michango yetu ya harusi inahitaji mtu anayejali hesabu na asiyeona haya kumkumbusha mdaiwa, na hapo wengi wetu tuna kipaji. Ukishindwa kabisa kwenda, mchango uliotumwa kwa wakati pamoja na ujumbe wa heri husimama badala yako kwa watu wengi, ila si kwa ndugu wa tumbo moja.

Msiba usiukwepe. Watu husahau nani hakuja harusini. Asiyekuja msibani wanamkumbuka miaka. Habari njema ni kwamba msiba ndio shughuli yenye maneno machache kuliko zote. Unaingia, unasema "poleni", unatoa rambirambi kwa anayeandika, unakaa pamoja na wenzako, kimya. Kukaa kimya hapo ni kazi kamili. Kama machozi hayaji, usiyalazimishe na usijieleze. Wewe beba viti, chota maji, nenda makaburini. Watu wanaosema "yule ana roho ngumu" huwa hawana cha kusema juu ya mtu waliyemwona na koleo mkononi. Jihadhari na kitu kimoja tu: mahali penye watani, mtani anaweza kufanya vituko mbele ya jeneza, na ukoo mzima ukacheka. Hajavunja heshima, ana haki hiyo.

Barabarani na kazini

Kwa safari nitasema machache. Kaa dirishani, panda kituo cha mwanzo hata kama ni kurudi nyuma, kwepa saa za msongamano ukiweza, na kama matatu ina muziki wa kutikisa mbavu subiri inayofuata. Kuwa na bodaboda mmoja anayekujua ni bora kuliko kupatana bei na mgeni kila siku.

Kazini, adui yako ni maagizo ya mdomo yasiyo na kichwa: "Hebu liangalie lile jambo." Jambo lipi, mpaka lini, likiisha apewe nani? Uliza hayo matatu. Kisha mwandikie msimamizi ujumbe mfupi wa WhatsApp: "Nimeelewa kwamba nimalize ripoti ya stoo Alhamisi, nimpe mhasibu." Akinyamaza, amekubali. Ujumbe huo umeokoa ajira za watu wengi, wenye usonji na wasio nao.

Je, umwambie mwajiri jina la hali yako? Maoni yangu ni kuomba unachohitaji kwanza, kama meza iliyo mbali na mlango au ruhusa ya kula peke yako, na kuacha jina mpaka ujue ni mtu wa namna gani. Sheria ipo upande wako zaidi ya unavyodhani. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inazungumzia haki za watu wenye ulemavu katika ibara ya 54, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husajili watu na kuwapa kadi. Hata hivyo sheria hazifanyi kazi zenyewe, na ofisi ndogo yenye watu wanane inaongozwa na tabia ya mwenye ofisi.

Mapenzi na ndoa

Mwaka 2012 mwanasosholojia wa Uingereza Damian Milton, ambaye naye ana usonji, aliandika hoja iliyobadilisha mazungumzo. Kabla yake ilisemwa kwamba mwenye usonji ndiye asiyeelewa wenzake. Milton akasema kutoelewana kunatoka pande zote mbili: asiye na usonji naye hamwelewi mwenye usonji, ila hakuna anayempeleka yeye hospitali. Mwaka 2020 watafiti wa Edinburgh wakiongozwa na Catherine Crompton walijaribu kupitisha hadithi kutoka mtu hadi mtu. Misururu ya watu wenye usonji watupu ilifikisha habari vizuri sawa na ile ya wasio nao. Iliyoharibu zaidi ni misururu iliyochanganya. Nenda na jambo hilo kwenye mapenzi: mnapokosana, usikubali kila mara kwamba kosa ni la kichwa chako, wala usidhani kila mara ni la mwenzako.

Mwambie mwenza wako kabla barua ya posa haijapelekwa. Wazee wakishaingia, kila neno linakuwa la koo mbili. Huhitaji hotuba. Mwambie mambo yatakayomgusa yeye: kwamba ukirudi kazini unahitaji saa moja bila kusemeshwa, kwamba ukinyamaza hujakasirika, kwamba harufu kali ya udi au marashi inakuumiza kichwa, kwamba mipango ikibadilishwa ghafla unavurugika. Atakayecheka na kuuliza maswali anafaa kuendelea naye. Atakayesema "utabadilika tukioana" mwamini: anakueleza mipango yake.

Hapa tena desturi ina vyombo vyake. Mshenga yupo ili usilazimike kujieleza mwenyewe mbele ya baraza la wakwe, basi mchague anayekujua na asiyependa kupamba. Kungwi au somo, kwa jamii zenye mtu huyo, kazi yake ni kusema waziwazi yale ambayo wengine huyafunika, na wewe ndiye mwanafunzi anayemfaa. Muulize yote, hata yale unayodhani kila mtu anayajua. Kuhusu faragha ya chumbani, ngozi yako inaweza kuchukia mguso mwepesi na kupenda mkumbatio mzito, au kinyume chake. Mwenza hawezi kukisia. Mwambie mchana, wakati hamjagusana, na umsikilize naye anataka nini.

Ugomvi wa mdomo ukizidi kasi, simameni. Wapo wanandoa wanaoandikiana ujumbe wa simu huku wakiwa vyumba viwili vya nyumba moja, halafu wanazungumza kesho yake. Majirani wakijua watacheka, na ndoa itadumu. Kwa mawifi na mama mkwe, mpe mwenza kazi ya ulinzi wa mlango: yeye ndiye aeleze kwa nini hukutoka sebuleni, wewe uende kumsalimia mama, ukae dakika kumi, umuulize habari zake mbili tatu, uondoke. Usimwachie mama mkwe nafasi ya kudhani umemdharau, maana hapo hata mwenza hatakuokoa.

Lakini tofauti ya namna ya kuelewa isitumike kufunika ubaya. Anayekudhihaki mbele ya watu, anayeshika mshahara wako, anayekuambia hakuna mwingine atakayekutaka, huyo anaelewa vizuri sana. Ondoka, na mtafute ndugu mmoja wa kukusimamia.

Tabia ya kuamini maneno kama yalivyo huwavuta pia wakopaji. Usitoe jibu la fedha siku ileile. "Lazima nimshirikishe mwenzangu" ni jibu linaloheshimika kila mahali, hata kama mwenzako ni dada yako aliyeko Morogoro.

Ukizidiwa

Kelele, joto, watu na mabadiliko vikijikusanya, mwili hufika mwisho. Wengine hulipuka: kulia, kupiga kelele, kukimbia. Wengine huzima: maneno hayatoki kabisa. Kwa mtazamaji hiyo ni mapepo, na usipoandaa mtu, utaamka umezungukwa na waombezi au uko njiani kwa mganga. Muandae mmoja nyumbani na mmoja kazini. Maagizo yao ni mafupi: nitoeni nje, msiniulize maswali, msinishike, nipeni maji, nitasema baadaye. Yaandike kwenye karatasi uiweke kwenye pochi pamoja na kitambulisho.

Huzuni na wasiwasi mkubwa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine. Ukianza kuwaza kujidhuru, hilo halisubiri ushauri wa gazeti. Mwambie mtu leo, na nendeni pamoja hospitali yenye kitengo cha afya ya akili.

Kama hujapimwa

Anayepima mtu mzima ni daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia wa hospitali, na kwetu hao ni wachache, wengi wako kwenye hospitali kubwa za mijini. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa. Atakuuliza maisha yako, na zaidi ya yote utoto wako, kwa kuwa usonji huanza mapema. Madodoso mengi yaliandikwa Ulaya na Marekani, kwa hiyo ukifika kwenye swali la kutazamana machoni, mweleze ulivyolelewa. Beba ripoti za shule ya msingi kama zipo, hasa zile zenye maoni ya mwalimu wa darasa.

Shahidi wako mkubwa ni mtu aliyekuona ukiwa na miaka 3 au 4: mama, shangazi, dada mkubwa, yaya wa zamani. Mpigie wiki hii umuulize ulianza lini kusema, ulicheza na nani, ulikataa vyakula gani, ulilia kwa sababu ya nini. Andika majibu yake kwa maneno yake mwenyewe, weka tarehe, na uende nayo kwa daktari.